Kibao cha Bibi

Kila alfajiri, harufu ya mikate ndiyo iliyomwamsha Cheche. Mjomba wake alikuwa mpishi wa mikate katika meli ya watalii, na jiko lake halikuwa mbali na chumba walicholala Cheche na Bibi. Cheche alinawa uso, akakimbia jikoni, akamwamkia mjomba na kupokea mkate wa kwanza, ungali moto. Njiani aliunyofoa kidogo, akadhani haionekani.

"Mkate huu umeumwa na panya," Bibi alisema kila asubuhi.

"Panya wa meli hii hawana adabu, Bibi," Cheche alijibu, na wote wawili wakaangua kicheko.

Walimwita Cheche kwa sababu hakujua kutulia. Alikuwa darasa la sita, na likizo hiyo ilikuwa kama ndoto. Kila mfanyakazi wa meli aliruhusiwa kuwaleta ndugu wawili katika safari moja ya mwaka, na mjomba alimchagua mama yake mzazi na binti wa dada yake. Wangetembelea visiwa vinne. Kimoja kilikuwa na mchanga mweusi tii, cha pili kilikuwa na maporomoko ya maji, cha tatu kilisifiwa kwa soko la kofia, na cha mwisho kilikuwa na ndege wengi kuliko watu.

Meli ilikuwa ndogo, lakini magati ya visiwa hivyo yalikuwa madogo zaidi. Kwa hiyo ilitia nanga mbali kidogo, na abiria wakapelekwa pwani kwa mashua ya injini. Karibu na ngazi ya kushukia palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kibao chenye namba ya mtu mmoja.

"Ukishuka, geuza upande wa buluu," Nahodha aliwaeleza siku ya kwanza. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti nzito ya kusikika hadi pwani. "Ukirudi, geuza upande mweupe. Kila mtu na chake, kwa mkono wake mwenyewe. Hata mumeo humgeuzii, hata akikubembeleza!"

Abiria walicheka. Kisha Nahodha akaongeza jambo lililomwondolea Cheche usingizi. Katika kila kisiwa, familia itakayokuwa ya kwanza kurudi wote ingepanda hadi chumba cha usukani, na mtoto wao angevuta kamba ya honi meli ikiondoka.

Honi! Cheche aliitaka honi hiyo kuliko visiwa vyote vinne. Tatizo lilikuwa Bibi. Bibi hakupita mtu bila kumsalimia, na hakumsalimia mtu bila kuuliza habari za watoto, mashamba na magoti. Katika kisiwa cha kwanza na cha pili walirudi wa mwisho kabisa, na honi ikavutwa na mapacha wa chumba cha jirani, ambao walimtolea Cheche ulimi.

"Bibi, tutembee haraka basi!" Cheche alilalamika.

"Nimekuja kuonja visiwa, mjukuu wangu, sikuja kuvimeza," Bibi alimjibu, akafungua mwavuli wake mwekundu na kuendelea na soga.

Kwenye kisiwa cha tatu, Bibi aliketi na mama mmoja msuka kofia, akaomba afundishwe. Vidole vyake vilijichanganya, wakacheka, wakaanza upya. Cheche alikuwa kama amekaa juu ya moto. Mjomba, aliyekuja kununua matunda ya jikoni, alipokuwa anarudi melini, Bibi akasema, "Nenda na mjomba wako. Mimi nitakuja na mashua ya mwisho."

Walipofika melini, mjomba aligeuza kibao chake na kukimbilia unga wake. Cheche naye akageuza chake. Hapo akaona kibao cha Bibi, buluu, kimening'inia peke yake kando ya chake. Vya mapacha vilikuwa bado buluu, na mashua yao ilionekana ikija. Baharia wa ngazi alikuwa ameinama, anafunga kamba.

"Si atarudi tu?" Cheche alijiambia. Akanyoosha mkono, akakigeuza.

"Mmerudi wote?" baharia akauliza.

"Wote," Cheche alisema, na baharia akampeleka juu kwa Nahodha.

Lo, chumba cha usukani kilikuwa kizuri! Vioo kila upande, taa ndogondogo, na kamba ya honi imening'inia juu. Cheche alichekelea hadi mashavu yakamuuma.

"Bibi yako haji kukuona?" Nahodha aliuliza.

"Anapumzika," Cheche akasema. Uongo wa kwanza ulishamwita wa pili.

Baadaye aliiona mashua ya mwisho ikitoka pwani. Akautafuta mwavuli mwekundu. Haukuwemo. Mlikuwa na mwendesha mashua tu.

"Nahodha, mbona imerudi tupu?"

"Ameuliza kwa redio kama kuna aliyebaki. Tumeangalia ubao, vibao vyote ni vyeupe, basi tukamwambia arudi." Nahodha akatabasamu. "Nanga inapanda. Haya binti, vuta!"

Cheche alishika kamba. Kupitia kioo, kule kwenye gati, kitu chekundu kilianza kupepea juu na chini, juu na chini. Bibi! Na dawa zake za presha zilikuwa huku chumbani, kwenye kopo kando ya kitanda. Kama angevuta, meli ingeondoka na honi angeipata. Kama angesema, kila mtu angejua.

Akaiachia kamba kama imemuunguza.

"Nahodha, simamisha meli! Bibi yuko kule! Kibao chake nilikigeuza mimi!"

Nahodha hakupoteza muda kumgombeza. "Simamisheni nanga! Rudisheni mashua gatini, haraka!" Sauti yake ilizunguka meli nzima.

Bibi alipopanda ngazi, kichwani alikuwa na kofia kubwa iliyopinda upande mmoja. Cheche alimkumbatia kiunoni akilia kwa kwikwi, akamweleza yote.

"Nilipoona mashua inaniacha, nilipunga mwavuli hadi mkono ukachoka," Bibi alisema taratibu. "Nilikuwa na hofu, Cheche. Sitakuficha." Kisha akamfuta machozi kwa kiganja. "Lakini umesema mapema. Kesho ingekuwa habari nyingine."

Nahodha akampeleka Cheche mbele ya ubao. "Unaona vibao hivi? Mashua inarudi au hairudi kwa kuviamini. Wewe uliona kipande cha mti, mimi naona mtu. Ukidanganya hapa, umemwacha mtu baharini." Akapumua. "Na mimi nina langu. Nimewafanya mkimbizane. Kesho honi itavutwa na atakayerudi wa mwisho, maana hapo ndipo sote tutakuwa tumo. Nawe utasimama hapa, umwangalie kila mtu akigeuza chake."

Kesho yake, Cheche alisimama kando ya ubao bila kubanduka. Mapacha walipita wakimtania, akawaambia, "Mmoja mmoja, kila mtu chake!" Hatimaye kilibaki kibao kimoja cha buluu, na kila mtu alijua ni cha nani.

Mwavuli mwekundu ukaja na mashua ya mwisho. Bibi alipanda akihema, manyoya ya ndege yamechomekwa kwenye kofia yake.

"Mjukuu wangu, nimechoka. Nigeuzie basi," akasema, jicho moja likikonyeza.

"Thubutu, Bibi! Kwa mkono wako mwenyewe."

Bibi akacheka, akakigeuza. Wakapanda wote hadi chumba cha usukani, na Bibi akaishika kamba.

"Wote wamo?" Nahodha aliuliza, akimtazama Cheche.

"Wote wamo, Nahodha. Nimewaona kwa macho yangu."

"Njoo basi, weka mkono wako juu ya wangu," Bibi akamwambia.

Wakavuta pamoja. Honi ililia kwa kishindo, ndege wote wa kisiwa wakaruka, na kule jikoni mjomba akaangusha sinia zima la mikate.