Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Katika mtaa mzima wa Tanambao, mjini Mahajanga, Madagaska, hapakuwa na gari kuukuu linalong'aa kama la Attoumane. Kila Alhamisi alilisugua kwa mafuta ya nazi, kama mama yake alivyosugua visu na kufuli ili visiliwe na chumvi ya bahari. Wiki ile alikuwa na harusi ya kubeba. Basi akafungua boneti, akapaka na humo. Hakusaza kitu; hata kilichofunikwa alikifungua akakipaka.

Ijumaa gari likazima njiani, bwana harusi yumo ndani. Attoumane akawasha, likagoma. Watu wakajaa. Kwa kuona haya, akatafuta wa kumtupia lawama, na macho yakamwangukia Ousséni, kaka wa mkewe, fundi aliyemuuzia betri.

"Umeniuzia betri mbovu," akasema mbele ya wote. "Umenidhulumu, mimi mume wa dada yako."

Bwana harusi akamalizia njia kwa miguu, kanzu imejaa vumbi, na gari likasukumwa hadi uani kwa Attoumane.

Asubuhi yake Ousséni akaja na vifaa vyake. Attoumane hakujua atazame wapi. Ousséni akamwambia awashe taa. Zikawaka vizuri. Apige honi. Ikalia mpaka jirani akachungulia. Awashe gari. Injini ikazunguka kwa nguvu, lakini haikushika.

"Shemeji, betri ikiisha, taa hufifia na injini huzunguka kwa uvivu," akasema. "Hii ni nzima. Sasa tutazame kama cheche inafika."

Akafungua plagi moja, akaichomeka tena kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Alishika mpira wa waya kwa kitambaa kikavu. Attoumane akazungusha injini. Cheche hakuna. Ousséni akazima swichi, akafungua distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Mle mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Bila hivyo cheche haitoki. Vilikuwa vyeusi, vinanuka nazi iliyoungua.

Harufu ile Attoumane aliijua. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni mimi," akasema.

Ousséni akamweleza taratibu kwamba bodi haidhuriki kwa mafuta, lakini vyuma vile vikipakwa, umeme haupiti. Akavipitishia msasa laini, akavifuta vikakauka. Cheche ya buluu ikatoka. Wakarudisha kila kitu, gari likawaka. Attoumane akaomba msamaha.

"Hapa uani nimekusamehe," Ousséni akasema. "Lakini wewe ulinitukana barabarani."

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, Attoumane alisimama na gari lake pale pale lilipozima. Akawaambia kwamba betri ya Ousséni ni nzima, na ubovu aliutia mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Wakacheka sana. Akawaacha wacheke.

Tangu siku hiyo, gari likigoma, Attoumane huanza na taa na honi, kisha hutazama cheche. Mtu halaumiwi kabla ya hapo.

Siku ile Ousséni, aliyekuwa kati yao, alisubiri kicheko kiishe. Akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi.

"Nipeleke nyumbani, shemeji," akasema.