Nani Atafungua Lango?

Kila asubuhi Mokami aliburuta matawi ya miiba kutoka kwenye lango la boma. Kila jioni aliyarudisha. Mikono yake ilijaa mikwaruzo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamie kijiji cha ujamaa, karibu na Nyamwaga. Kule mlimani walikotoka walikuwa na ukuta wa mawe. Lango lake lilikuwa jembamba, likipitisha ng'ombe mmoja mmoja, na lilizibwa kwa magogo kutoka ndani. Hivyo wezi hawakuweza kuwaswaga ng'ombe wote kwa mara moja. Kwa mahali pale lilikuwa lango la akili. Lakini hapa kijijini nyumba zilipangwa mstari, na hatua chache mbele ya boma lilianza shamba la mahindi la kijiji.

Siku moja ng'ombe walisukuma miiba wakala mahindi ya watu wote. Kamati ya kijiji ikamwonya Mogesi, mume wa Mokami.

"Nitajenga lango," alisema Mogesi. "Nyangwine atanijengea."

Nyangwine alikuwa mtu wa rika lake. Walitahiriwa mwaka mmoja. Mkurya hamwulizi mwana rika wake maswali mengi, maana kumwuliza ni kama kumtilia shaka. Kwa hiyo Mogesi alichinja mbuzi, wakala, wakacheka, kisha akasema maneno mawili tu: "Nijengee lango." Nyangwine akajenga kama alivyojua, jembamba, la magogo. Kufika jioni kazi ilikuwa imekwisha.

Haraka haraka haina baraka. Asubuhi Mogesi aliwafunga nira ng'ombe wake wa plau, Mabaka na mwenzake, ili akalime. Walipofika langoni wakakwama, maana ng'ombe wawili wenye nira hawapiti penye njia ya mmoja. Ikabidi awafungue, awatoe mmoja mmoja, kisha awafunge tena huko nje. Akafanya hivyo kila siku, na kila siku alijisikia mjinga. Lakini kwa Nyangwine hakwenda.

Mama yake Mogesi, bibi kizee Waisiko, naye alipata tabu yake. Wengine wakienda shambani waliziba lango kwa magogo. Yeye hakuweza kuyainua. Akashinda ndani peke yake hadi jioni.

Mvua zilipoanza, Mabaka alijikuna kwenye nguzo. Nguzo ilikuwa ya mti mbichi, na shimo lake halikufika hata magotini. Ikaanguka, na ng'ombe wakaingia tena kwenye mahindi.

Safari hii mwenyekiti alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimwogopesha Mogesi zaidi.

"Mogesi, mahindi haya ni chakula cha wote. Wakiingia mara ya tatu, kijiji kitamchukua Mabaka."

Mogesi alikaa chini. Plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Bila Mabaka wangerudi kwenye jembe la mkono, na ekari zao zisingelimika hata nusu.

Mokami alikuwa akisoma darasa la elimu ya watu wazima. Alimletea mumewe daftari lake.

"Baba Teresia, Tarime mjini yuko fundi seremala, jina lake Shaaban. Ndiye aliyetengeneza lango la shule yetu. Nimelitazama kila siku nikienda darasani. Lina miaka mitatu sasa, na halijalegea."

"Na Nyangwine je? Nimwambie nini mtu wa rika langu?"

"Mwambie ukweli."

Ni rahisi kusema. Mogesi alizunguka nyumba ya Nyangwine mara mbili kabla ya kubisha hodi. Mwisho akaingia.

"Mura, mwenzangu, lango limeanguka. Na hata kabla halijaanguka, ng'ombe wenye nira hawakupita."

Nyangwine alimsogezea kigoda. "Uliniambia lango," akasema. "Hukuniambia nira. Hukusema shamba la kijiji liko mbele. Wewe mwenyewe ulisimama pale ukala mbuzi nami!"

Mogesi aliona aibu. Alikuja kumlaumu mwenzake, kumbe nusu ya kosa ilikuwa yake mwenyewe. Fundi hawezi kuota unachotaka.

"Kweli," alisema. "Sikukuambia. Njoo basi kesho, tumemwita fundi wa Tarime. Tusikilize wote."

Kesho yake Shaaban alifika na baiskeli. Alimsalimu bibi kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Mogesi alitazamia ataanza kuchimba. Fundi hakugusa hata jembe. Alisimama akauliza, "Kitu gani kitapita hapa?"

"Ng'ombe," alisema Mogesi.

"Wangapi kwa pamoja? Wana nira? Kuna mkokoteni? Kuna mtu atakayebebwa kwenye machela akiugua? Tutapima kwa kile kilicho kipana kuliko vyote."

Akaagiza Mabaka na mwenzake wafungwe nira, wasimamishwe palepale. Akapima upana wao, akaongeza mikono miwili. Mokami akaandika katika daftari.

"Maji ya mvua yanapita wapi?"

"Hapa hapa katikati," alijibu Mokami.

"Basi tusogeze lango huku juu. Maji yakisimama kwenye nguzo, nguzo itaoza. Na lifunguke kuelekea ndani. Likifunguka nje, litamgonga anayepita barabarani. Sasa swali la mwisho. Nani atalifungua?"

"Mimi," alisema Mogesi mara moja.

Mokami alicheka. "Wewe? Mchana uko wapi wewe?"

Kutoka mlangoni mwa nyumba, sauti ya bibi ikasikika. "Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Ndimi ninayeshinda hapa."

Mogesi aliinamisha kichwa. Kweli, hakuwahi kumwuliza.

"Basi, mama," alisema Shaaban kwa upole, "nyoosha mkono wako nipime komeo litakaa wapi."

Bibi akaja, akanyoosha mkono. Fundi akaweka alama kwenye fimbo yake ya kupimia.

Halafu wakakubaliana kazi yote, na Mokami akaiandika: mbao gani, bawaba ngapi, siku ngapi. Malipo yangekuwa sehemu mbili, ya kwanza wakati wa kuanza, ya pili baada ya lango kujaribiwa kwa ng'ombe. Shaaban akatia sahihi. Mogesi, ambaye hakuwa amesoma, akaweka dole gumba.

"Huniamini, fundi?" aliuliza, nusu kwa utani.

"Nakuamini. Karatasi ni ya kutusaidia kukumbuka, tusigombane."

Nyangwine aliajiriwa kuchimba mashimo. Safari hii yalifika kiunoni. Nguzo zilikuwa kavu. Shaaban alimwonyesha namna ya kuunguza miguu ya nguzo kwenye moto na kuipaka oili chafu, mchwa wasile. Wakashindilia mawe kuzunguka kila nguzo. Katika lango wakapigilia ubao wa mshazari ili lisilale upande.

"Kumbe!" Nyangwine alisema mara kwa mara, akitazama kila kitu kwa makini. Kabla kazi haijaisha alikuwa tayari ameombwa na jirani amjengee lango la namna ileile.

Siku ya kujaribu, Mabaka na mwenzake walipita na nira yao bila kugusa nguzo. Mogesi aliwarudisha wakapita tena, kwa furaha tu.

Wiki tatu baadaye wanakijiji wote walikuwa wakipalilia shamba la mbali la ujamaa. Mchana wingu jeusi lilitanda, na mvua ya mawe ikaanza. Mogesi aliinua kichwa. Mchungaji wa zamu angewarudisha ng'ombe mapema, na nyumbani, aliwaza, hakukuwa na mtu wa kuwapokea. Wangesimama nje, wangeogopa mawe, wangekimbilia kwenye mahindi. Mara ya tatu!

Alitupa jembe akakimbia. Mawe yalimpiga kichwani na mabegani. Alikimbia huku akimwona Mabaka mawazoni akichukuliwa.

Alipofika alisimama akihema. Mahindi ya kijiji yalikuwa yamepigwa na mvua, lakini hayakuwa na alama hata moja ya kwato. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani, ng'ombe wote walikuwa wamesongamana, na Mabaka alikuwa miongoni mwao akicheua.

Bibi Waisiko alikuwa ameketi barazani, shuka yake imelowa upande mmoja.

"Mama! Nani amewaingiza?"

Bibi aliinua mkono wake mmoja mkavu, akautazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona.

"Mimi," alisema. "Nimefungua mwenyewe. Nimefunga mwenyewe. Ingia, mwanangu, usisimame kwenye mvua."