Kura ya Tano

Alama zilikuwa tano, na nyumba ile ilikuwa na watu wanne.

Dada ndiye aliyezihesabu. Akadhani amekosea, akahesabu tena kwa kidole. Fundi alikuwa amepaka viraka vitatu vya kijani hafifu ukutani, kila kimoja kikubwa kama sinia, ili wenye nyumba wavione vikikauka kabla ya kuchagua. Fundi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, hakujisumbua na majina ya kwenye makopo. Viraka vyake alivipa majina ya sokoni: cha kwanza kabichi, cha pili tango, cha tatu pera. Alisema kijani ni rangi ya hila. Kwenye kopo inakuchekea, ukutani inakununia, kwa hiyo usiiamini mpaka ikauke.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, zamani stoo ya magunia na viti vibovu. Sasa kilikuwa kinaandaliwa kwa ajili ya Kitinda, mtoto wa mwisho, aliyetimiza miaka sita na kuchoka kulala kitanda kimoja na Dada yake. Dada naye alisema amechoka kupigwa mateke usingizini, ingawa ni yeye aliyekuwa akimvuta mtoto karibu.

Katika nyumba ile mambo yaliamuliwa kwa kura. Baba na Mama waliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya kitambaa cha makochi, na tangu hapo Mama alipenda kusema wengi wape, yakaisha. Basi mchana ule Baba alichukua kipande cha chaki kilichobaki tangu Dada aache shule, akasimama katikati ya chumba kitupu, akakohoa kama mwenyekiti wa mkutano.

"Kila anayeishi humu ndani," alisema, "aweke alama yake chini ya rangi anayoitaka."

Walicheka. Baba na Kitinda walichagua kabichi. Mama na Dada walichagua tango. Pera haikupata hata kura ya huruma. Mbili kwa mbili, Mama akasema twendeni kwanza tukale.

Waliporudi, tango lilikuwa na alama ya tatu. Haikuwa chini ya kiraka kama zile nyingine. Ilikuwa juu kabisa, inagusa dari, mahali ambapo Baba hata akisimama juu ya kiti asingefika.

Baba alisema atakuwa Brashi, si ana ngazi. Mama akauliza tangu lini fundi ana kura katika nyumba ya watu. Lakini Dada alilitaka tango, akawahi kusema, "Kura ni kura, Baba. Hesabu imetimia." Baba akainua mikono, tango likapita.

Kesho yake Brashi alipaka chumba kizima. Alipokuwa anaosha vifaa vyake uani, Dada alimtania kwamba ameshinda uchaguzi kwa kura ya wizi. Fundi aliacha kuosha.

"Mwanangu, mimi nilipomaliza viraka niliondoka, na ngazi nikaondoka nayo," alisema. "Alama gani unayoisema?"

Dada alipomweleza, Brashi alikusanya vitu vyake bila kuvikausha. Alisahau brashi moja juu ya karai, na hakurudi kuifuata.

Kuta tatu zilikauka siku ileile. Ukuta wa nne, ule wa kichwani mwa kitanda, haukukauka. Siku ya pili, siku ya tatu, ukiugusa ulikuwa na unyevu wa uvuguvugu kama shingo ya mtu mwenye homa. Chumba hakikunuka rangi. Kilinukia tango lililomenywa sasa hivi, harufu nzuri, mpaka Mama alisifu. Siku ya nne harufu ikawa ya tango lililosahauliwa ndani ya mfuko.

Siku ya tano, saa saba mchana, Dada alipita mlangoni akasikia brashi ikipaka. Shwaa, juu. Shwaa, chini. Akasukuma mlango. Kitinda alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja, ameuelekea ukuta.

"Usiongee kwa nguvu," mtoto alinong'ona bila kugeuka. "Anamalizia upande wake."

"Nani?"

"Aliyechagua rangi."

Dada hakumwona mtu, ila aliuona ukuta, na ukuta ule ulikuwa unalowa kidogo kidogo, mstari mmoja wa kijani juu ya mwingine, kila mstari ukianzia darini na kushuka taratibu mpaka nyuma ya mto, bila mkono, bila brashi, huku ile sauti ikiendelea shwaa, shwaa, mpaka mstari mmoja ukafika usawa wa bega la mtoto na kusimama hapo, kama mtu aliyegundua kwamba anatazamwa.

Alimbeba Kitinda akatoka naye. Baba alifunga chumba kwa kufuli. Mtoto akarudi kulala na Dada, lakini sasa hakupiga mateke. Alilala amenyooka kama ubao, na chakula alikitazama tu. Siku moja alipokuwa akimwogesha, Dada aliona katikati ya mabega yake, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, alama ndogo ya chaki. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alama ilibaki nyeupe.

Mama alimleta bibi mmoja mshona nguo aliyesifika kwa kutuliza nyumba zilizoingiliwa. Bibi alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akanusa, kisha akaomba aelezwe tangu mwanzo. Walipofika kwenye maneno ya Baba, aliwaambia wayarudie. Baba aliyarudia akitazama chini.

"Angevamia, ningemfukuza," bibi alisema. "Lakini mlisema kila anayeishi humu. Alikuwemo kabla yenu. Akapiga kura, mkaihesabu, mkapaka rangi yake. Nimtoe kwa kosa gani?"

Mama aliuliza kama hakuna lolote la kufanya.

"Sasa anamchagua mtoto. Mchagueni na nyinyi. Yeye mmoja, nyinyi watatu. Lolote mtakaloona, msimwachie."

Wakamlaza Kitinda kifudifudi kwenye kitanda cha Dada, jua la alasiri likiwa limejaa chumba. Baba aliweka alama yake mgongoni. Mama akaweka yake. Dada aliweka ya mwisho, akaikandamiza mpaka chaki ikavunjika. Tatu kwa moja. Kisha wakamgeuza chali, Mama akashika mikono, Baba miguu, Dada akakipakata kichwa, na bibi akaketi mlangoni.

Ndipo wakasikia kutoka kule kwenye chumba kilichofungwa shwaa moja, kisha ya pili ikaijibu, kisha ya tatu, kisha sauti zikajaa dari nzima kama mvua inayopanda badala ya kushuka, na wao wakakaza mikono, wakakaza, hakuna aliyeachia hata kidole, na mtoto hakulia wala kujitikisa, mpaka kila kitu kiliponyamaza mara moja na bibi akasema mgeuzeni.

Mgongo wote ulikuwa mweupe. Alama zilianzia shingoni mpaka kiunoni, ndogo ndogo, zimebanana, nyingine juu ya nyingine. Dada alitafuta yake kwa kidole kama alivyohesabu siku ile ukutani, asiione.

"Wengi..." Mama alianza kusema, akaziba mdomo wake mwenyewe.

Bibi alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza wako wangapi.

Kitinda aliketi, akavaa gauni lake bila kusaidiwa. Akamtazama Baba, Mama, kisha Dada, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Baba alitaka kumshika, na mkono wake haukunyanyuka. Dada alitaka kumwita, na ulimi haukumtii. Mtoto akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Kufuli lilikuwa sakafuni. Akaingia, akarudishia mlango taratibu.

Walipoweza kutembea, waliufungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na Kitinda hakuwemo. Dada aliweka kiganja juu ya ukuta wa nne. Ulikuwa umekauka.