Senene wa Babu Mutalemwa

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, Buberwa. Naanza na hilo ili msipoteze muda kumtafuta.

Ilikuwa Krismasi, nyumbani kwetu Kahororo, na kama kila mwaka, kupamba meza ilikuwa kazi yangu. Sakafuni tulikwisha kutandaza nyasi. Mezani nikatandika kitambaa cheupe, nikapanga sahani saba na kuweka chupa ya maua katikati. Chupa ikawa inayumba. Nikaona kifurushi cha majani makavu ya mgomba, nikakibana nyuma yake, nikakifunika kwa majani mabichi. Chupa ikasimama kama askari.

Halafu nikaenda jikoni kuchukua senene. Babu Mutalemwa alikuwa njiani kutoka Muleba, na kila alipopiga simu aliwataja. Senene wetu hukaa kwenye kopo jeupe. Nikafungua: tupu!

Binamu yangu Kokuberwa, aliyefika jana yake kutoka Kagoma, ndiye aliyewakaanga asubuhi.

"Koku, senene wako wapi?"

"Nimewaweka mezani."

"Mezani hakuna kitu."

"Waitu, jamani, nimewaweka mwenyewe!"

"Leta vidole ninuse."

Akavileta. Vilinukia senene.

"Umekwisha!" nikasema.

"Nimekaanga senene. Ulitaka vinukie kuku?"

Sikumwamini. Nikamfuata kila alikokwenda. Akicheka, nilijua ni shibe. Akinyamaza, nilijua dhamiri inamsuta. Akanywa maji vikombe viwili. Nani hunywa maji hivyo kama hajala vya chumvi?

Nikamwambia Mama. Mama akamtazama Kokuberwa kwa muda mrefu. "Kama umeonja, mwanangu, sema kabla Babu hajafika."

Kokuberwa alichukua sahani yake mezani, macho yamejaa machozi. "Nitakula jikoni," alisema. "Siwezi kukaa na watu wanaoninusa."

Nami nikazisogeza zile sahani sita zilizobaki ili pengo lisionekane.

Babu alifika, akaketi, akakunja uso. "Buberwa, ondoa hii bustani. Simwoni mama yako."

Nikainua chupa. Kifurushi kikabiringika, kikafunguka, na senene wakamwagika juu ya kitambaa cheupe.

Kokuberwa alikuwa mlangoni na sinia la matoke. "Kwetu Kagoma tunawafunga hivyo," alisema polepole, "wasilegee. Kwenye kopo la plastiki wanatoka jasho."

Mama akaenda mwenyewe kuleta sahani ya saba. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Babu akanigeukia. "Wewe ulitafuta mwizi, senene hukuwatafuta. Siku nyingine, kabla hujamchafua mtu jina, inua kwanza ulichokiweka kwa mikono yako mwenyewe."

"Lakini Babu," nikabisha, "mimi ningejuaje? Hata vidole vyake vilinukia senene!"

Kokuberwa akatua sinia, akaninyooshea mkono.

"Leta vyako, kaka, tunuse."