Nusu Mwezi Juu ya Jicho

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne yoyote ya mtu aliye na digrii na hana kazi. Maroa aliamka saa moja, akanywa chai ya rangi, akapiga pasi shati lile lile la interview. Dada yake Mellen alimtazama mlangoni akacheka.

"Mura, kijana wangu, hilo shati limefanya interview nyingi kuliko wewe. Siku moja litaandikwa kazi, wewe uachwe nje."

Ila siku hiyo hakuwa anaenda interview. Alikuwa anaripoti kazini. Miaka mitano ya kutarmac, kuzunguka akitafuta kazi, Actuarial Science, Second Upper, transcript imepigwa lamination kama menu ya hoteli, na kazi aliyoipata mwishowe ilikuwa kulinda mpunga usiliwe na viboko. Bunduki moja, gumboots, contract ya miezi sita. Serikali inakwambia ujiajiri. Sawa. Kiboko naye amejiajiri, na biashara yake inaenda vizuri kuliko yako.

Aliyembembelezea hiyo kazi ni Mellen. Alikuwa kibarua wa kupalilia katika shamba hilo, upande wa ziwa, si mbali na Kendu Bay, na alimsumbua supervisor hadi akachoka. Mellen ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa kule Kehancha. Aliacha shule Form Two ili yeye aendelee. Wengine wote walizoea kumwambia Maroa, "Usijali, utapata tu." Mellen hakuwahi kusema hivyo. Yeye alisema, "Kula kwanza." Waliishi chumba kimoja, wao wawili na Risper, binti ya Mellen, darasa la tatu. Ungemuuliza Maroa ana nini duniani, angejibu kwa jina moja tu, na silo jina la chuo.

Bunduki alikabidhiwa na Mzee Orina, askari wa shamba aliyekuwa anastaafu. Ilikuwa ya zamani, kitako cha mbao, na juu yake darubini nyeusi ya kulengea iliyofungwa kwa raba ya tyubu. Orina alikuwa mtu wa maneno machache. Juu ya jicho lake la kulia kulikuwa na makovu ya nusu mwezi, moja juu ya lingine, kama maganda ya kitunguu.

"Jicho likae mbali na glasi," alisema. "Hii kitu ina teke."

"Nimesoma, mzee. Kuna PDF."

Orina akachukua jerican tupu.

Waliweka jerican kwenye tuta. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka kutazama, maana burudani ni adimu. Maroa akalala kifudifudi, akasogeza jicho ili aone vizuri zaidi. Akasogeza tena kidogo. Kisha akafyatua.

Bunduki ilirudi nyuma kama punda. Ukingo wa ile darubini ukamkata juu ya jicho la kulia, safi, nusu mwezi. Jerican lilibaki limesimama.

"Wololo!" Adhiambo, mwenye mdomo kuliko wote, alipiga makofi. "Graduate amebusiwa!"

"Omera, sasa uko na degree mbili!" mwingine akaitikia.

Hata Mellen alicheka, mkono mdomoni, huku akija mbio na leso yake ya njano kumfuta.

Orina hakucheka. Aliokota bunduki akatazama glasi. Kulikuwa na tone moja la damu. Akalifuta kwa kidole gumba, kisha akageuza kidole kukitazama. Kilikuwa kikavu. Tone lilikuwa upande wa ndani.

Alimvuta Maroa kando, nyuma ya nyumba ya pampu.

"Imekuonja," alinong'ona. "Sasa inangoja uionyeshe mtu."

"Mzee, please."

"Sikia, kijana. Funga hilo jicho kitambaa. Siku nne. Usishike bunduki, usichungulie hiyo glasi. Watu wa ziwa hapa, mtu akimwaga damu hukaa kando mpaka asafishwe. Hii imemwaga yako, kwa hivyo ukae. Chochote utakachoona ndani ya hiyo glasi kabla siku nne kuisha, kinakuwa chake."

Maroa alienda kwa Wesley, supervisor, kuomba siku nne. Hata hakutaja sababu, alisema jicho. Wesley, diploma holder, alikuwa amemngoja graduate wa kumnyanyasa tangu azaliwe.

"Boss, hii ni probation, si matanga. Chukua plasta."

Maroa akachukua plasta.

Siku ya Jumatano, saa saba kasoro, Maroa alikuwa juu ya kichanja cha kuwingia ndege. Jua kali, ziwa jeupe kama bati. Shamba halikuwa na darubini nyingine ya kutazamia mbali, kwa hivyo alitumia ile ya bunduki. Hakufikiria. Aliangalia barabara ya tuta la mbali: watoto wa shule wakienda nyumbani kwa lunch, migongo tu, mmoja na begi jekundu. Akasogeza kidogo. Akamwona Bosco, mbwa wa Wesley, amelala kivulini.

Juu ya jicho la mbwa kulikuwa na mkato. Nusu mwezi. Ulikuwa unatoa damu.

Alishusha bunduki. Kwa macho matupu, Bosco alikuwa mzima, anajikuna. Akainua tena. Mkato ulikuwepo.

Saa nane walimkuta Bosco kando ya mfereji, amekauka kama ubao. Hakuwa na jeraha lolote isipokuwa ule mkato. Na katika joto lile lote, hakuna nzi hata mmoja aliyemkaribia.

Alhamisi, saa ya chakula, Maroa alichukua boda hadi kwa Orina. Mzee alikuwa amekaa ndani, mlango wazi. Ukutani kulikuwa na picha nyingi kwenye fremu, na zote zilikuwa zimegeuzwa, zinatazama ukuta.

"Umeangalia," Orina alisema. Halikuwa swali.

"Mbwa tu."

"Mbwa tu?"

"Na barabara. Watoto wa shule, mbali. Hata sura sikuona."

Orina aligeuka akatazama zile fremu.

"Mimi nilimwangalia bibi yangu, Nyanchoka. Alikuwa anaanika omena. Sikuwa na nia mbaya. Nilimwangalia tu juu ya vile alikuwa anapendeza."

"Siku hiyo hiyo?"

"Baada ya miezi. Wengine inachukua hapo hapo. Wengine inaweka." Akashika makovu yake. "Inachukua kwa order yake."

"Niache kazi?"

"Mimi niliacha mara tatu." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Funga jicho leo. Siku nne zianze upya. Na usimwangalie mtu wako. Hata ukisikia nini."

Jioni hiyo alimweleza Mellen kila kitu. Alitarajia acheke. Mellen hakucheka. Alirarua pindo la leso yake ya njano, akalikunja mara mbili, akamfunga jicho taratibu, kama alivyokuwa akimfunga kamba za viatu zamani.

"Wacha hiyo kazi, mura," alinong'ona. "Kesho urudishe hiyo bunduki. Tutakula tu."

Ijumaa asubuhi Maroa alikwenda kurudisha. Barua ya kuacha kazi ilikuwa mfukoni, aliiandika kwa Kiingereza kizuri hadi ikamuuma. Saa tatu. Wesley hakuwa amefika, na funguo za sefu alikuwa nazo yeye. Kwa hivyo Maroa alisimama pale kando ya nyumba ya pampu, bunduki begani, jicho limefungwa, akingoja. Mellen alikuwa amesimama kwenye maji na wenzake, anapalilia. Alimpungia mkono.

Ndipo kelele zikaanza.

"Rao! Rao! Uuuwi!"

Kiboko. Mchana kweupe. Alikuwa ametoka kwenye matete, mkubwa kama lori la miwa, anakuja moja kwa moja kwenye mpunga. Wanawake walitawanyika. Mmoja alinasa kwenye tope hadi magotini. Kichwani alikuwa na kitambaa cha njano.

Maroa alikuwa na sekunde chache tu, na kichwani mwake ile Second Upper ikafanya hesabu. Jicho lililoonjwa ni la kulia. La kulia limefungwa. La kushoto halijaonjwa. La kushoto ni safi. Alihamisha kitako bega la kushoto. Aliona kwamba hesabu ameipata. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, elimu yake ilimsaidia.

Akaweka jicho la kushoto kwenye glasi.

Aliona kinywa. Aliona meno. Akaweka msalaba wa kulengea nyuma ya sikio. Na nyuma ya sikio, ndani ya duara lile lile, kulikuwa na kitu cha njano.

Akafyatua.

Mlio. Teke. Ukingo ukamkata juu ya jicho la kushoto.

Kisha kimya.

Alifuta damu akatazama. Hakukuwa na kiboko. Hakuwa amelala, hakuwa anakimbia, hakuwa majini. Mpunga ulikuwa umesimama wima, shina kwa shina. Tope lilikuwa laini kama uji uliopoa. Hakuna unyayo.

Wanawake walikuwa wameganda. Adhiambo alikuwa bado ananyoosha kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mellen alikuwa hai. Alijichomoa kwenye tope, akaja kwa Maroa akitembea juu ya tuta, polepole, akitabasamu. Maroa alitaka kucheka. Alitaka kulia.

"Mura," Mellen alisema, "umenirushia nini?"

"Sis, uko sawa?"

"Niko sawa. Nimesikia tu kama mtu amenibusu hapa."

Akagusa juu ya jicho la kulia. Palikuwa na mkato. Nusu mwezi. Haukutoa damu hata tone. Ulikuwa wazi tu, mweupe, kama umeoshwa.

Akakaa chini kwenye tuta, kama mtu aliyechoka.

"Chakula yako iko kwa kopo," alisema. "Kula kwanza."

Hakuinuka tena.

Askari walikuja, wakaandika. Daktari alifungua, akafunga, akaandika maneno marefu yenye maana fupi: hatujui. Risasi haikupatikana mwilini. Isingepatikana. Walipofungua bunduki walikuta risasi tano ndani, na daftari lilisema Maroa alipewa tano. Mtutu ulikuwa safi, wakasema, haujapigwa siku nyingi. Watu ishirini walikuwa wameusikia mlio. Ishirini wote waliandikisha statement, na statement zikawekwa kwenye faili, na unajua faili za nchi hii huenda wapi.

Askari mmoja alimuuliza Maroa, "Hiyo damu kwa shati ni ya nani?"

Maroa akafungua kitambaa kuonyesha jicho la kulia. Akagusa juu ya la kushoto. Askari akamtazama, akaandika kitu. Maroa alikwenda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki. Kulia, ngozi laini. Kushoto, ngozi laini. Kama hakuwahi kuguswa maishani mwake.

Walimpeleka Mellen Kehancha kuzikwa. Msafara ulipita Awendo nyuma ya malori ya miwa, polepole, kisha Migori mjini, ambapo walisimama kuchukua programu za mazishi. Picha ya juu ilikuwa ya kitambulisho, Mellen akiwa na miaka kumi na minane. Maroa alizigawa zote kabla hajaitazama vizuri.

Alama ilikuwepo. Juu ya jicho la kulia. Kovu la zamani, limepona kitambo.

Shangazi yake mmoja alisema polepole, "Sikujua alikuwa na kovu." Mwingine akasema, "Mbona, alizaliwa nalo." Na wakaendelea kuimba.

Waliporudi Kendu Bay, Maroa alitoa picha zote za Mellen. Ya shule, ya kipaimara, ya graduation ya Maroa mwenyewe, Mellen akiwa amevaa lile joho kwa utani, anacheka, kofia imekaa upande. Kila moja ilikuwa na nusu mwezi.

Wiki iliyofuata Wesley alimtumia message. Tangu siku ile hakuna kiboko aliyeonekana shambani, management imefurahi sana, contract imeongezwa mwaka mzima. *Congratulations. Bunduki yako imerudishwa, kuja usign.* Hiyo ndiyo kazi ya kwanza katika maisha yake ambayo hakuiomba.

Hakujibu. Alikuwa anampikia Risper uji. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda, kimya tangu mazishi, kidole kikichora kwenye vumbi.

"Uncle."

"Eh, mama."

"Ile siku ulikuwa juu ya kichanja. Mbona hukunipungia?"

Mwiko ulisimama.

"Siku gani?"

"Tukienda lunch. Uliniangalia na ile bunduki. Mimi niligeuka nikakupungia. Ukaangalia mbwa."

Mlangoni, kwenye msumari, lilining'inia begi lake la shule. Jekundu.

Maroa alilizima jiko. Alimgeuza mtoto kwenye mwanga, akamshika uso kwa mikono miwili, akatazama juu ya jicho la kulia. Hakukuwa na kitu. Ngozi ya mtoto, laini, yenye jasho kidogo. Alimbusu hapo, kisha akajuta kumbusu hapo.

Picha ya Risper ya shule iko ukutani, ile ya kupigwa kila mwaka. Siku hizi imegeuzwa, inatazama ukuta. Kila asubuhi, mtoto akishatoka na begi lake, Maroa huigeuza kidogo, akachungulia, akairudisha. Imekuwa safi siku arobaini na moja.

Leo asubuhi kuna kitu chembamba juu ya jicho la kulia, kama alama ya ukucha. Amekipangusa kwa kidole gumba, kama Orina siku ile, na hakitoki. Amegeuza kidole kukitazama.

Kikavu.