Miche Iliyohurumiwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota maji, akamwosha baba yake uso, kisha akapita nyuma ya nyumba kukiangalia kitalu cha nyanya. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia, maana mtoto huyo alikuwa na maneno kama mvua. Aliongea na sufuria, akaongea na kuku, na alipofika kitaluni aliisalimia miche kama wageni.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia mgongo, na tangu hapo alilala chali chumbani akitazama bati. Nyumba ikabaki mikononi mwa mama, na mama alikuwa na tegemeo moja tu: kipande cha shamba kando ya kijito, na ile miche ya nyanya.

Miche ilipokaribia kuhamishiwa shambani, hospitali ikamwita baba akaangaliwe upya. Mama alilazimika kwenda kumuuguza.

“Chiriku, nisikilize, na huo mdomo uupumzishe kidogo,” alisema akifunga mzigo. “Leo ondoa nyasi zote tulizotandaza juu kukitia kivuli kitalu. Jua liipate miche. Na maji upunguze. Usimwagie mpaka uone inaanza kulegea, na hapo umwagie kidogo tu. Nikirudi tunapandikiza.”

“Mama, si itakufa?”

“Haifi. Inazoea.”

Chiriku aliziondoa nyasi. Mchana alipotoka shule, akakuta miche imelegea, majani yameinama, mashina yamelala upande. Moyo ukampasuka. Ilikuwa imelala vilevile baba yake alivyolala. Nyumbani mlikuwa kimya, chumba cha wazazi kitupu, na sasa hata nyanya zilikuwa zinalala mbele ya macho yake.

“Poleni, poleni jamani,” alinong’ona. Akakimbilia ndoo, akamwagia mpaka udongo ukawa tope, kisha akazirudisha nyasi za kivuli. Jioni miche ilikuwa imesimama wima. Kesho yake akafanya hivyo tena, na siku zote zilizofuata.

Mama alirudi na baba wakiwa wamechoka. Daktari alikuwa amesema mgongo utachukua muda mrefu, na hakuahidi kitu. Alfajiri ya siku hiyo Chiriku alikuwa ameziondoa nyasi na kuzificha nyuma ya banda la kuku. Mama alisimama kitaluni akaitazama miche, mirefu, ya kijani laini.

“Mbona imenawiri hivi? Ulifanya nilivyokuambia?”

Chiriku aliutazama uso wa mama yake, macho mekundu ya kukesha, midomo iliyokauka. Angewezaje kumwongezea mzigo?

“Ndiyo, mama,” akasema. Halafu akanyamaza, naye si mtoto wa kunyamaza.

Walipandikiza. Jua likawa kali kama moto wa tanuri. Kwanza kingo za majani zikaungua. Kisha wakaja inzi weupe, wadogo kama vumbi, wakajazana chini ya majani na kunyonya utomvu. Majani yakajikunja, yakawa njano. Mama alibeba maji kutoka kijitoni mpaka mabega yakachubuka, lakini kila alipofika shambani alikuta mistari mingine imelala. Mwishowe alikaa chini katikati ya shamba, ndoo tupu mapajani. Hakulia. Chiriku alitamani angalau alie.

Siku ya soko mama alikwenda moja kwa moja kwa muuza mbegu, mzee mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Umeniuzia mbegu mbovu!” alipiga kelele. “Unajua kabisa mume wangu yuko kitandani, na bado ukaniuzia uchafu!”

“Mama Chiriku, mbegu hizo nimewauzia wengi…”

“Tapeli!”

Watu wakageuka. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua mbegu wakazirudisha na kuondoka. Mzee alivua miwani akaifuta. Chiriku alikuwa nyuma ya mama yake na kikapu mkononi. Akazidi kujibanza mgongoni mwake, macho chini.

Mzee aliomba bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, aitwe, naye akaja shambani jioni hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira na sauti ya taratibu. Aling’oa mche mmoja, akaunyanyua.

“Mizizi mifupi, imebaki juu juu. Jani jembamba kama karatasi. Mama, miche hii ilizoeshwa jua na kiu kabla ya kupandikizwa?”

“Ilizoeshwa. Mwanangu aliifanya kazi hiyo.”

Bibi shamba akaenda kwenye ukingo wa shamba, ambako miche michache ilikuwa bado hai, mifupi, mashina yake magumu. “Na hii?”

Chiriku aliitambua. Ilitoka kwenye kona ya kitalu ambako nyasi hazikutosha na ndoo yake haikufika vizuri.

“Mama,” alisema, na sauti ikakatika. “Mbegu hazina kosa. Mimi niliimwagia kila siku. Nikairudishia kivuli. Nikakudanganya.”

Mama aligeuka akatazama kijito.

Bibi shamba alichuchumaa karibu na Chiriku. “Mmea hauna miguu ya kukimbia hatari,” alisema. “Ukionja shida ndogo unajiandaa. Ngozi ya jani inakuwa nene, mizizi inatafuta maji chini, na kinga yake ya ndani inakaa macho. Shida kubwa ikija, unajibu haraka. Si kwamba hauwezi kufa, lakini unapigana. Hii yako ilikutana na jua na wadudu kabla ya kuonja shida yoyote ndogo.”

Kisha akaonyesha jinsi ya kukata machipukizi ya pembeni kwenye miche iliyopona na kuyachomeka kwenye udongo wenye unyevu yaote mizizi. Yangetosha mistari michache tu. Msimu ulikuwa umekwenda.

Asubuhi mama na Chiriku walikwenda sokoni. Mama alimwomba mzee radhi kwa sauti ileile kubwa aliyomtukania, watu wote wasikie. Chiriku naye aliomba radhi. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini hakutabasamu.

Njiani mama alisimama, akamshika bega.

“Uliihurumia miche, na hilo ningekusamehe palepale,” alisema. “Lakini nilikuuliza, Chiriku. Siku ile ungeniambia kweli, tungeiacha kitaluni wiki moja zaidi, ikazoea, na shamba lingekuwa hai. Ulidhani unanipunguzia mzigo. Mimi mzigo nauweza, mwanangu. Nisichokiweza ni kuubeba bila kujua ni upi.”

Chiriku alilia. Mama hakumnyamazisha. Alimsubiri hapo barabarani mpaka amalize, kisha wakaenda kukata machipukizi.