Mapaa Kumi na Moja

Asubuhi ile Feri ilijaa watu hata ungerusha punje ya mtama isingefika chini. Ingepita mabegani mwa abiria hadi Likoni bila kulowa. Katikati ya umati huo alisimama Bramwel Wekesa, mchora ramani, mtoto wa Bungoma aliyehamishiwa Mombasa kikazi. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hadi kola ingeweza kukata mkate, na kwapani alibana bomba refu la plastiki lenye ramani. Kila watu waliposukumana, bomba lilimdunga mtu.

"Kaka," sauti ikasema nyuma yake, "hilo bomba lako limenidunga mbavu mara ya tatu. Ya kwanza nilisema bahati mbaya. Ya pili nikasema uchokozi. Hii ya tatu nakutoza ushuru."

Bramwel akageuka na radhi mdomoni, radhi akaimeza. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyevaa gauni la kitenge rangi ya embe bivu, kilemba kimefungwa upande kwa madaha, na kwenye nyusi limetanda vumbi jeupe la mawe, utadhani alijipaka kusudi.

"Ushuru wenyewe nini, dada?"

"Soda baridi. Na unishikie mfuko huu, maana bega lako la pili limekaa bure."

Bramwel akaupokea, mkono nusura ung'oke. "Umebeba nini humu? Jirani?"

"Mawe ya kuonyesha wateja. Mimi ni Kanze Kahindi, nauza mawe ya timbo na kokoto. Ofisi yangu Tononoka. Ukiona nyumba imesimama wima pale, jua mawe yake niliuza mimi."

"Na iliyoinama?"

"Hiyo walinunua kwingine."

Bramwel akacheka hadi watu wakampisha. Soda ikanyweka, namba za simu zikabadilishwa, na kuanzia siku hiyo simu ya Bramwel ikawa haipoi. "Umekula, roho yangu?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Viazi vya rojo." "Bila mimi? Basi hujala, umemeza tu." Miezi mitatu ikapita hivyo, wala hakuna aliyeihesabu.

Jambo moja tu Bramwel hakulizungumza. Kampuni yake ilikuwa imepewa na kaunti kazi ya kuchora mpango wa machimbo: wapi pachimbwe mawe na mchanga, wapi pafungwe. Sharti la kazi lilikuwa kwamba rasimu isitajwe nje kabla ya kubandikwa. Kanze alimtajia mara nyingi timbo la baba yake, shimo la kuchimbia mawe lililoko ng'ambo, nyuma ya Likoni. Bramwel akasikiliza, akatabasamu, akafunga kinywa. Kwenye ramani yake matimbo hayakuwa na majina ya watu. Yalikuwa na namba, moja hadi ishirini na sita.

Rasimu ikabandikwa Jumatatu kwenye ubao wa kaunti. Saa nne simu ikalia.

"Bram." Siku nyingine ilikuwa roho yangu, ilikuwa mwandani. Leo Bram kavu.

"Naam, mpenzi."

"Nimesimama hapa ubaoni. Timbo namba kumi na nne limepakwa rangi nyekundu. Maana yake nini?"

"Litafungwa. Mbona?"

"Chini imeandikwa, mchoraji Bramwel Wekesa. Ni wewe ama mna jina moja?"

"Ni mimi. Kuna nini, Kanze?"

"Namba kumi na nne ni timbo la baba."

Bramwel akakaa kitini, na kiti hakikuwapo. Akajibu akiwa sakafuni. "Haki ya Mungu sikujua! Mpango unasema timbo lisiwe chini ya mita mia tatu kutoka nyumba za watu. Pale ukingoni kuna nyumba kumi na moja. Nimezihesabu mwenyewe kwenye picha za droni."

"Nyumba kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Miezi mitatu wanisikia namtaja baba, nawe kimya kama ukuta. Kisha wambambikia nyumba asizokuwa nazo. Ulikuwa ukinipenda, Bram, ama ulikuwa ukinipima?"

Simu ikakatika. Bramwel akapiga mara arubaini, hadi yule bibi wa mtandao asemaye kwamba mteja hapatikani akaanza kumwambia kwa sauti ya huruma.

Jioni akarudi Kibokoni, alikopanga chumba cha juu kwa Bi Raihana. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani, leso begani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wewe nawe, wanuna kama paka aliyenyimwa papa. Nini?"

Bramwel akamweleza. Bi Raihana akasikiza hadi mwisho, akapuliza kahawa.

"Hizo nyumba umeziona?"

"Kwenye picha, Bi."

"Picha! Mimi nna picha ya harusi yangu, niulize huyo mume yuko wapi. Enda ukaone kwa macho, mwanangu. Na wacha kupigapiga simu. Radhi yaombwa kwa miguu."

Kesho yake Bramwel akavuka. Timbo lilikuwa shimo jeupe kama jino, mashine za kukatia mawe zikinguruma chini, vumbi limetanda hadi kunguru wa pale walionekana kama njiwa. Ukingoni alimkuta Mzee Kahindi, mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya ukindu kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiye mimi."

"Nimefurahi kukuona. Nasikia nina nyumba kumi na moja. Basi nionyeshe na wake wa humo, maana huyu mmoja niliye naye asema kazi zimemzidi."

Bramwel akatazama. Mapaa yalikuwapo, kumi na moja kamili, ya makuti, juu ya nguzo nne nne. Ukuta hapana. Mlango hapana. Jiko hapana. Chini ya kila paa waliketi kina mama wakigonga kokoto kwa nyundo, kivulini. Kwao Bungoma, ukiona paa la nyasi, chini yake kuna mama na sufuria ya ugali. Hakujua kwamba Pwani paa laweza kusimikwa kwa ajili ya kivuli peke yake.

Uso ukamwaka. Akavua viatu, akatoa utepe, kina mama wakamshikia ncha huku wakimcheka wazi wazi. Nyumba ya karibu kabisa yenye mtu alalaye ndani ilikuwa mita mia tano na sitini.

"Watu arubaini hula kwa timbo hili," Mzee Kahindi akasema. "Utalisema ulilokosea?"

"Nitalisema, mzee."

"Usiniambie mimi. Kaliseme kule."

Kikao cha maoni ya wananchi kilikuwa Alhamisi, ukumbini Tononoka. Mlangoni Bramwel alikutana na Beryl, mkuu wake kazini, suti ya kijivu, faili kifuani.

"Bramwel, nimesoma barua yako ya namba kumi na nne. Tutarekebisha baadaye, kimya kimya. Ukisimama leo useme tulihesabu vivuli tukaviita nyumba, ramani nzima itachekwa. Na mkataba wako waisha mwezi huu."

"Najua, madam."

Akaingia. Kanze alikuwa safu ya tatu, gauni la buluu, karatasi ya pingamizi mkononi, shingo ameigeuza kama mlango uliofungwa. Kabla hajaitwa mtu, Bramwel akachukua kipaza sauti.

"Naitwa Bramwel Wekesa. Ramani hii nimeichora mimi, na namba kumi na nne nimekosea. Nyumba nilizohesabu ni vibanda vya kugongea kokoto. Nilizitazama kutoka juu, sikwenda. Nimekwenda juzi, nimepima. Lile timbo halina sababu ya kufungwa. Kosa si la kampuni wala la mwenye timbo. Ni langu."

Mama mmoja akasimama nyuma, nyundo bado mkobani. "Mimi ndiye mwenye nyumba ya nne! Sina hata mlango wa kumfungia mume!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Beryl naye alijizuia, akashindwa, akacheka akiwa ameficha uso kwa faili. Alipotulia, akavuta kipaza.

"Namba kumi na nne inatolewa kwenye orodha ya kufungwa. Na kila timbo lenye paa la makuti litapimwa upya, kwa miguu. Atakayelipima ni wewe, Bramwel. Huo ndio mkataba wako mpya."

Nje, juani, Kanze alimngojea.

"Umejifedhehesha mbele ya watu mia mbili."

"Mia mbili na kumi. Niliwahesabu."

"Wewe na kuhesabu kwako! Una hakika walikuwa watu?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikavunja lile jiwe lililokuwa kifuani mwa Bramwel tangu Jumatatu.

"Nilifunga kinywa kwa sababu ya kazi, Kanze. Lakini ningekwambia nipeleke nikaone kwenu, yasingetokea haya. Nisamehe."

Kabla Kanze hajajibu, simu yake ikalia. Akaiweka sauti juu. Kina mama walikuwa wameshafikisha habari.

"Baba, yuko hapa."

"Mwambie namdai," Mzee Kahindi akanguruma. "Alinizushia nyumba mbele ya serikali. Sisi Wagiriama kosa halifutwi kwa kalamu. Alete kadzama."

"Ni mtungi wa tembo la mnazi," Kanze akamnong'oneza. "Kwetu neno zito halizungumzwi bila huo."

"Nitaleta, mzee," Bramwel akasema. Akavuta pumzi. "Je, nikileta mbili?"

Upande wa pili nyundo zikanyamaza zote.

"Ya pili ya nini?"

Bramwel akamtazama Kanze. Kanze hakuyakwepa macho yake.

"Ya kumwomba Kanze."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe. "Hiyo haiji na mtu mmoja. Njoo na wazee wako." Akakata.

"Mimi hujaniuliza," Kanze akasema.

"Nakuuliza."

"Leta ya kwanza. Nikiona umeibeba hadi mlangoni kwetu bila kumwaga, nitakujibu."

Lakini Kanze alikuwa ameshamshika mkono. Hakuuachia njiani, wala ofisini, ambako fundi mmoja alikuwa akingoja kuagiza mawe mia sita. Kanze akayaandika kwa mkono wa kushoto, akimtaka radhi fundi, kwamba wa kulia una kazi.